Chupa ya Ndege na Robo Tatu ya Lita

Kama wiki hii ndiyo mara yako ya kwanza kuingia kwenye mashine ya kusafisha damu, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Kama figo zako nzima, soma tu, lakini maji yako kayanywe mbali na macho yangu.

Naitwa Kombo. Nimesoma mpaka darasa la nne, Muheza, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. London nilifika na begi moja, nikaanza kwa kusugua vyoo vya ofisi huko Stratford, na nilipostaafu nilikuwa na watu arobaini chini yangu na magari matatu yameandikwa jina langu ubavuni. Sikubebwa na mtu. Nasema hivyo ujue ni nani anayesema nawe, maana mengi yaliyo hapa chini si ya kujisifia.

Habari ilianza kwa viatu. Asubuhi moja viatu vilikataa kuingia. Nikamwambia mke wangu Zuhura kwamba viatu vya siku hizi vinasinyaa. Akapiga magoti, akanibonyeza mguu kwa kidole. Kidole kikaacha shimo, na shimo likakaa pale pale kama kwenye unga. Presha niliyoidharau miaka yote ilikuwa imeshazimaliza figo. Daktari alieleza mengi, mimi nikashika moja: mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara, damu inatoka mwilini, inapita kwenye mashine, inarudi. Nikamwambia, "Sawa. Nimesafisha majengo ya watu miaka thelathini, sasa na mimi nisafishwe." Akacheka. Zuhura hakucheka.

Kwenye mkono wangu wa kushoto waliunganisha mishipa miwili, ikavimba kama kamba ya katani. Ukiweka kidole juu yake unasikia mtetemo, kama friji la zamani. Sindano zake ni nene. Usidanganywe kwamba utazizoea. Utazoea kutazama pembeni.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Chumba cha kusubiri kina viti vya bluu, televisheni isiyo na sauti, na pembeni kabisa mashine ya kuuza soda inayowaka taa mchana kutwa. Watu waliokatazwa kunywa wamepangwa safu, wanaitazama mashine ya soda. Halafu unaitwa kwenye mzani. Mzani ndio hakimu wa pale. Ulitoka Jumatano na kilo sabini, Ijumaa una sabini na tatu: hizo tatu si nyama, ni maji uliyokunywa yakakosa pa kutokea. Mashine itayavuta yote kwa masaa manne, na miguu itakukaza mpaka uwaite watu waliokufa.

Hapa niseme wazi, maana vitabu vidogo wanavyotugawia hospitalini vinaona aibu. Figo zikifa, mkojo unakatika. Kwangu ulikatika kabisa majani yalipokuwa yanaanguka, mwaka ule wa kwanza. Choo nikawa napita mlangoni tu kama mgeni. Nikapangiwa robo tatu ya lita kwa siku: chai humo humo, supu humo humo, maji ya kumezea dawa humo humo. Kila asubuhi kabla hajaenda kazini kwenye nyumba ya kutunza wazee, Zuhura alijaza chupa moja kwa jagi la kupimia, akaiweka kwenye friji. Hiyo ndiyo siku yangu nzima. Viazi alivichemsha mara mbili na maji kuyamwaga, ndizi zikafukuzwa nyumbani, nazi ikawa ya kunusa. Nilimfokea. Nilimwambia ananipimia maji kama mfungwa. Kesho yake akapima tena.

Na wivu ndipo ulipoingia. Sikuwahi kuwa mtu wa wivu. Mwenye kazi zake anamwonea nani wivu? Lakini sasa nilimwonea wivu dereva wa basi mwenye chupa ya maji kando ya usukani. Niliuonea wivu mmea wa dirishani. Zuhura akinywa chai chumba cha pili nilisikia funda linavyoshuka, nikapiga kelele, "Funga mlango!"

Zaidi ya wote nilimwonea wivu jirani yangu wa kiti cha mashine. Tulimwita Papa Shukuru, Mkongomani wa Uvira, mtu wa kanisa, mwembamba, mcheshi kupita kiasi kwa mtu mwenye sindano mbili mkononi.

"Mzee Kombo, leo kilo mingapi?"

"Tatu na nusu."

"Eh! Unakunywa ziwa Tanganyika muzima? Miye moja na kidogo tu."

"Wewe unafanyaje?"

Akainama upande wangu kadiri mipira ya damu ilivyomruhusu. "Mzee, miye ningali nakojoa. Glasi moja, siku zingine mbili. Choo ya nyumbani ingali inanijua jina."

Kwa ajili ya glasi hizo mbili alikuwa ameruhusiwa kunywa zaidi yangu. Wallahi, mzee mzima, nimejenga nyumba Muheza na nyingine Tanga mjini, nikalala pale namwonea mtu wivu kwa mkojo wake. Siku aliponiambia umepungua kidogo nilisema pole, na moyoni nilifurahi. Naandika hivi kwa sababu na wewe utapitia hapo, na utadhani ni wewe peke yako mwenye roho mbaya.

Ramadhani ikaja baridi ikiwa inaondoka. Daktari alinikataza kufunga. Mimi nimefunga tangu nina miaka tisa, katika joto la Muheza, nikibeba magunia ya machungwa, na sikuwahi kudokoa hata tone. Watu wakaniambia, "Wewe kiu si kitu, umezoea." Hawajui. Kiu ya saumu ina magharibi. Unaitazama saa, unajua itafika, na ikifika unakunywa mpaka tumbo lilie. Figo haina magharibi. Jioni wageni walifuturu sebuleni kwangu, jagi la ukwaju likazunguka, barafu zinagongana, na mimi mwenye nyumba nimeshika kikombe cha kahawa kilichojaa nusu.

Siku ya Idi binti yetu Rehema alikuja na zawadi. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza, lakini siku ile alijitahidi: "Baba, hii ni ya ndege. Ukae dirishani, usikasirike." Alikuwa ameagiza kwenye mtandao. Chupa ya kioo, chini ina kitako chekundu chenye maua manne ya plastiki, na kila ua lina tundu katikati. Unatia maji ya sukari, unatundika kichwa chini, ndege anakuja kunyonya. Kwenye boksi palikuwa na picha ya ndege mdogo, mdomo mrefu kama sindano, kifua kinang'aa kijani.

Nikaruka. "Huyu chozi!"

Chozi ni yule ndege mdogo anayenyonya maua, kwetu amejaa. Mama yangu alikuwa na ua la mkomamanga nyuma ya nyumba na chozi walikuwa hawaondoki pale.

Uani kwetu Wembley nikaitundika kwenye msumari wa kibanda. Jirani yetu Bi Rekha akanitazama juu ya uzio. Yeye ni Mhindi wa Mwanza, mjane, amekuja huku msichana, na Kiswahili chake cha ziwani hakijafutika. Upande wake ametundika vyombo vitatu vya mbegu, na asubuhi kwake ni soko: vindege vya manjano, vya bluu, vyenye vifua vyekundu, vinasukumana.

"Kaka Kombo, hiyo ni nini?"

"Ya chozi."

"Chozi hapa? Hao wa kwenye boksi ni ndege wa Amerika, nimewaona kwenye televisheni. Na chozi wetu wako kwetu."

"Mbayuwayu wanatoka Afrika kila mwaka wanakuja kukaa huku kiangazi chote. Chozi ana kosa gani?"

"Mbayuwayu anajua njia."

"Na chozi atajifunza."

"Haya. Ukimwona muulize pasipoti."

Alicheka, na Zuhura naye akacheka, na hilo likanikaa rohoni. Nikaapa watakuja.

Mimi kazi ya usafi naijua, na chupa ile niliitunza kama mkataba. Kipimo ni kikombe kimoja cha sukari kwa vinne vya maji. Unachemsha, unaacha ipoe kabisa. Usitie rangi. Kukiwa na joto unamwaga kila baada ya siku mbili, ama inaingia ukungu mweusi kwenye maua. Unaosha kwa maji ya moto na brashi ndogo, bila sabuni. Sisimizi walipopanda, nilining'iniza kifuniko chenye maji juu yake wakashindwa kuvuka. Fikiria sasa: mtu anayepimiwa chai anasimama jikoni anachemsha maji matamu lita nzima, anayakoroga, anayapoza, anayanusa, halafu anayapeleka nje kuwapa ndege.

Na ndege hawakuja. Walikuja nyigu. Wiki tatu, nne, nyigu tu, huku upande wa pili wa uzio soko linazidi kuchangamka. Bi Rekha alikuwa haoshi hata vyombo vyake! Vimeganda mavi ya ndege, na bado wanapigania nafasi. Nilikaa dirishani nawahesabu wa kwake. Siku moja nilimshtaki kwa Zuhura kwamba mwanamke yule anawaita ndege wangu kwa miluzi.

"Baba Rehema," akasema, "nenda kalale."

Halafu likaja joto. London ikipata joto haijui la kufanya nalo, nyumba zinakuwa kama tanuri la mikate. Jumanne moja Zuhura alikuwa kazini, chupa yangu ya friji ilikwisha kabla ya adhuhuri. Nikatoka uani kubadilisha maji ya ndege. Nikafungua kitako. Yalikuwa mapya, ya jana yake, na chupa yenyewe safi kuliko vikombe vya ndani. Nikajiambia naonja kama yamechacha.

Nilikunywa nusu.

Sitakudanganya, sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile. Nikairudisha chupa kwenye msumari, nikaketi kwenye ngazi kama mwizi. Nilikusudia kumwambia. Zuhura aliporudi alichungulia dirishani kabla hata hajavua viatu.

"Baba Rehema! Maji yamepungua!"

Nikafungua mdomo.

"Wamekuja?" akaniuliza. "Umewaona?"

Uso wake, nakwambia. Tangu viatu vile vilipokataa kuingia sikuwa nimemwona na uso ule. Nikasema, "Wamekuja. Wawili."

Alitoka mbio mpaka kwenye uzio. "Dada Rekha! Dada Rekha, chozi wamekuja!" Na Bi Rekha akatoka na aproni ya jikoni, akaitazama chupa, akanitazama mimi. "Kumbe," alisema. "Basi kaka, nimeshindwa."

Hapo ndipo nilipojifunga. Kama ingekuwa kiu peke yake ningeacha. Lakini kulikuwa na kiu na kulikuwa na ushindi juu ya vyombo vitatu vya mbegu. Kiangazi kizima nilikunywa maji ya ndege. Zuhura akienda kazini nakunywa, akirudi namsimulia: leo dume, leo jike, leo wamegombana. Sukari inaongeza kiu, kwa hiyo nikanywa zaidi. Mpaka yeye mwenyewe akawa ananisaidia kuchemsha. "Wanakunywa hao!" anasema. "Mimi kila asubuhi siwaoni."

Mzani wa hospitali haukuamini chozi. Kilo nne. Nne na nusu. Papa Shukuru aliacha kunitania, akawa ananitazama tu. "Mzee wangu," aliniambia siku moja polepole, "miye sikuulizi. Lakini maji inaua watu kwa hii kiti. Nimeona."

Daktari akaniita chumbani na Zuhura yupo. Akasema moyo wangu umeanza kutanuka. Akasema jina langu liko kwenye orodha ya wanaosubiri figo, na moyo ukiharibika hakuna atakayethubutu kunipasua, jina litasimamishwa. Zuhura alitoa daftari lake kwenye mkoba, kila siku ameandika robo tatu ya lita. "Anakunywa ninachompimia mimi," alisema. "Mimi ndiye ninayepima." Daktari akalitazama daftari, akakuna kichwa, akapanga kunivuta maji zaidi. Nilitoka pale miguu imekazwa, na njiani kwenye treni nilijisemea basi, naacha. Niliacha siku mbili.

Kwa mgonjwa wa mashine, siku mbaya ni Jumapili. Kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu ni mbali, hakuna kusafishwa katikati. Jumamosi ile kulikuwa na joto, nikamaliza chupa nzima ya ndege. Jumapili baada ya chakula cha mchana nilipanda ngazi tano nikasimama. Pumzi ilikuwa inaingia ikikuta mlango umefungwa. Nikilala nazama, nikikaa nazama. Kifua kilikuwa kinachemka kama birika. Rehema alikuwepo, akapiga simu, wakaja na gari la wagonjwa, na mbele ya nyumba Bi Rekha amesimama ameshika uzio.

Sikumbuki njia. Nakumbuka taa, barakoa ya hewa, watu wengi, na daktari kijana wa kike aliyeinama usoni pangu anauliza kwa sauti kubwa. Kiingereza kilikuwa kimetukimbia mimi na Zuhura, Rehema akatafsiri: "Anauliza umekunywa kiasi gani tangu Ijumaa."

Zuhura akajibu kabla yangu. Alikuwa amevaa kandambili, mtandio umemwanguka. "Mwambie anakunywa ninachompimia mimi, basi! Mwambie wakaangalie mashine yao, mashine yao mbovu! Mume wangu hadokoi. Miaka arobaini namjua, hadokoi!"

Alikuwa ananipigania. Mbele ya madaktari, kwa lugha wasiyoielewa, mwanamke yule alikuwa ananipigania kwa jambo la uongo. Na nilijua kwamba wakimwamini wataanza kutafuta ugonjwa mwingine, na muda haupo.

Nikashusha barakoa.

"Zuhura. Hakuna chozi."

"Nini? Vaa hiyo!"

"Hakuna chozi. Chozi ni mimi."

Alinitazama. Niliona linavyoingia: chupa, kilo, kiangazi kizima. Daktari akamuuliza Rehema nimesema nini. Rehema, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kusikiliza tu, alisema kwanza kwangu, "Baba." Kisha akamwambia daktari kwamba baba amekuwa akinywa maji ya ndege. Yule binti daktari hakushangaa hata kidogo. Aliandika, akauliza lita ngapi.

Walinivuta maji siku mbili mfululizo. Nilitoka mwembamba, suruali inaning'inia. Jina langu kwenye orodha lilisimamishwa mpaka nitakapoonyesha miezi ya uzito mzuri. Nilistahili, sikubishana.

Nyumbani Zuhura hakunisemesha siku nne. Alipima, alipika, alinipeleka, alinirudisha. Ningependa angenitukana. Siku ya tano alikuwa anakunja nguo, nikamwambia, "Nisamehe maji."

"Maji nimeshakusamehe," alisema. "Ningekuwa mimi na kiu hiyo ningekunywa hata ya vyombo."

"Sasa?"

Akaendelea kukunja shati langu. "Kila asubuhi nilikuwa naamka nusu saa mapema. Unajua hilo? Nakaa dirishani gizani-gizani, koti nimeshavaa, nawasubiri chozi wako. Nikisikia basi linakuja naondoka. Nikirudi unaniambia, leo wamekuja wawili, leo wamegombana. Nilikuwa nakuonea wivu, baba Rehema. Nilidhani wewe mgonjwa Mungu amekupa cha kutazama, na mimi sina bahati nacho."

Mimi niliyemwonea wivu kila kiumbe chenye koo, haikunipitia hata siku moja kwamba kuna mtu anaweza kunionea wivu mimi.

Majani yalipoanguka tena, kiti cha Papa Shukuru kilikuwa kitupu. Pale kiti kikiwa kitupu hatuulizi haraka. Muuguzi akanong'ona: amepata figo. Nikasema alhamdulillahi, na nilimaanisha, na masaa manne yote yaliyofuata niliuma meno. Wiki tatu baadaye alinipigia simu. Nilisikia kabla hajasema: glu, glu, glu.

"Mzee Kombo! Unajua wananiambia nini? Lazima ninywe lita mbili kila siku! Ni amri ya daktari! Nakunywa mpaka nachoka!"

"Papa Shukuru," nikamwambia, "ukinywa tena kwenye simu nakuja huko kukunyonga."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Zamu yako iko njiani. Nakuombea kila siku, kwa jina lako muzima." Nikakata simu nikalia kidogo. Wivu na furaha vinaweza kukaa kwenye kifua kimoja, nimethibitisha. Usisubiri wivu uishe ndipo umtakie mtu heri. Mtakie hivyo hivyo.

Baridi ile nilitulia. Nimejifunza mambo madogo, nakuachia. Kikombe kidogo kilichojaa ni bora kuliko kikubwa kilichojaa nusu. Kipande cha barafu kinakaa mdomoni muda mrefu kuliko funda la maji. Chumvi ndiyo adui, si maji. Sukutua, tema. Na mtu anayekupimia usimfokee. Uzito wa maji ulishuka mpaka kilo mbili kati ya mashine na mashine, kisha moja na nusu. Hakuna aliyenipongeza, na mimi sikuomba. Mwisho wa baridi barua ikaja: jina langu limerudi kwenye orodha.

Machipuko yalipoanza nikamwomba Zuhura chupa ya ndege. Alikuwa ameificha juu ya kabati, imefungwa kwa gazeti.

"Ya nini? Chozi hawapo."

"Naijua kazi ya kuitunza. Acha niitunze."

Alifikiri. Akaitoa, kwa masharti. Maji anachemsha yeye. Kila asubuhi anachora mstari kwenye kioo, pale maji yanapoishia, kwa kalamu ya wino mzito. Na mzani wa bafuni ukahamia jikoni, chini ya karatasi ya kuandikia kilo zangu aliyobandika kwenye friji. Nilikubali. Nimewahi kuwawekea wafanyakazi wangu masharti mabaya zaidi.

Wiki zikapita. Mstari na maji, maji na mstari, sawasawa. Bi Rekha alijua yote, kwa sababu Zuhura alimweleza, na hakunitania hata mara moja. Hilo liliniuma kuliko ule utani wa pasipoti.

Jumamosi moja Zuhura yuko juu anaanika nguo, mimi nimekaa kwenye kiti changu cha dirishani. Kindege kimoja kikavuka uzio kutoka kwa Bi Rekha. Kidogo, kofia ya bluu, kifua cha manjano, si chozi hata ungelewa. Kikashika ua la plastiki, kikaning'inia kichwa chini, kikaingiza mdomo kwenye tundu. Kikanyanyua kichwa kama mtu anayemeza dawa. Kikainama tena. Koo langu likawa linameza pamoja nacho. Kimekunywa, hakuna aliyekipimia, kinaongeza tu. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyokionea kiumbe kile.

"Zuhura! Zuhura, njoo!"

Alishuka mikono imelowa. Kindege kilikuwa kimeshaondoka.

"Kuna nini?"

"Ndege amekunywa."

Alifungua mlango, akatoka mpaka kwenye kibanda, akainama. Niliona kutoka dirishani: maji yalikuwa chini ya mstari, upana wa ukucha. Akarudi, akasimama mlangoni.

"Si chozi," nikasema. "Ni kimoja cha Bi Rekha. Chenye kofia ya bluu."

Nikavua makubazi, nikapanda mzani bila kuambiwa. Upana wa ukucha ni mafunda mawili, na mzani haupimi mafunda mawili. Mimi nilijua, naye alijua. Lakini sikuwa na kitu kingine cha kupanda juu yake. Nikasimama pale mikono ubavuni, natazama ukuta.

Hakuitazama hata namba.

"Shuka, baba Rehema," alisema.

Akachukua kalamu kwenye droo, akatoka tena, akachora mstari mpya chini ya ule wa asubuhi. Akarudi akijifuta mikono kwa kanga, akasimama dirishani.

"Alining'inia upande gani?"

"Huu wa kwenye uzio."

Akavuta kiti changu akakaa, shingo ameinyoosha. Nami nikapanda ngazi polepole nikamalizie kuanika nguo, ili ndege akirudi, safari hii amkute Zuhura, anikose mimi.